Dawa Bure, Nauli Je? Namna ya Kubaini Shida za Maisha za Mgonjwa Kituoni

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure Tanzania nzima, kwa muda wote wa matibabu ambao kwa kawaida ni miezi 6. Nauli ya kuzifuata haitolewi. Mgonjwa anayeshuka kutoka Tchenzema, mlimani Morogoro, kwenda kituo cha afya cha Mgeta anakabidhiwa vidonge bila kudaiwa hata senti, kisha anabaki na hesabu zake: bodaboda ya kwenda na kurudi, kibarua cha siku nzima kilichompita, na chakula cha kutia tumboni ili dawa zisimchefue. Akishindwa kurudi mara mbili tatu, kitabu cha kliniki kitamwandika mtoro. Hakitaonyesha kwamba siku ile hakuwa na nauli.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema gharama za kifua kikuu zimeiangusha kaya pale zinapozidi asilimia 20 ya kipato chake cha mwaka. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2019 ulikuta karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa zimevuka kiwango hicho, ingawa dawa zenyewe ni bure.

Kumuuliza mgonjwa mapema, kabla hajawa mtoro, ndiyo kazi inayozungumzwa hapa. Mhudumu anauliza maswali machache kuhusu maisha ya mgonjwa, anaandika shida aliyoikuta, kisha anamwelekeza kwa mtu mwenye uwezo wa kuishughulikia. Makala haya ni kwa wahudumu wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za Morogoro. Ni kwa wagonjwa na ndugu zao pia, kwa sababu mhudumu hawezi kusaidia shida ambayo hajaambiwa.

Shida zipi zinaulizwa

Mwaka 2008 tume ya WHO iliyoongozwa na Profesa Michael Marmot ilieleza kwa kirefu jinsi makazi, chakula, kazi na kipato vinavyoamua nani augue na nani apone. Marekani, kuanzia mwaka 2017, mpango wa Centers for Medicare & Medicaid Services uliwauliza wagonjwa mambo matano: makazi, chakula, usafiri, huduma za nyumbani kama umeme na maji, na usalama wao mbele ya watu wanaoishi nao. Somo kubwa lililotoka huko ni kwamba kumpata mwenye shida ni kazi nyepesi. Kuimaliza shida yake ndiko kuzito.

Kwetu orodha hiyo inahitaji kurekebishwa. Umeme wa kukatwa kwa deni si jambo la kwanza kwa mtu wa mlimani Kibungo Juu. Mambo sita yanatosha: nauli na umbali, chakula, gharama za matibabu, makazi pamoja na maji, mtu wa kumwangalia mgonjwa, na usalama nyumbani.

Wala hatuanzi kutoka sifuri. Kadi ya kliniki ya mjamzito ina sehemu ya maandalizi ya kujifungua: atajifungulia wapi, atafikaje, nani atamsindikiza, nani atamchangia damu ikihitajika. Mkanda wa kupima mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 nao unaeleza habari za chungu cha nyumbani: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iligundua miaka mingi iliyopita kwamba wanawake wenye fistula hawaji kutibiwa, ingawa upasuaji ni bure, kwa sababu hawana nauli. Ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kupitia mabalozi walioko mikoani. Balozi anapokea fedha, anamkatia mama tiketi, mama anapanda basi. Shida ilijulikana kwa jina lake, ndipo ikapata dawa yake.

Kinachokosekana ni kuuliza hivyo hivyo kwa wengine: mzee wa shinikizo la damu, kijana wa kisukari, mjane mwenye kidonda kisichopona.

Uluguru ina mambo yake

Ramani inaweza kumdanganya mgeni. Kutoka Morogoro mjini hadi vijiji vya Milima ya Uluguru kilomita si nyingi, lakini njia ni ya miguu, ina miteremko mikali, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara huteleza na mara nyingine hufunikwa na maporomoko. Upande wa mashariki, kuanzia Kinole na Tegetero hadi Matombo, mvua ni nyingi zaidi kuliko upande wa Mgeta. Kwa hiyo tarehe ya kurudi kliniki ikiangukia katikati ya Aprili, ina maana tofauti kwa mtu wa Mji Mpya, pale mjini, na kwa mtu wa Tegetero.

Chakula nacho kina majira. Mkulima wa kabichi na njegere wa Nyandira hushika fedha siku za soko, na anaweza kukosa kabisa wiki moja baadaye. Wakulima wa mahindi na mpunga wa tambarare hubanwa zaidi miezi ya kabla ya mavuno. Ukiuliza habari za chakula mwezi Julai, usidhani jibu hilo litasimama hadi Februari. Uliza tena.

Kuna na ukoo. Kwa Waluguru, ardhi na undugu hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa. Mhudumu aliyezoea kuuliza "Mume wako anasemaje?" anaweza kumwacha nje mtu ambaye ndiye angetoa fedha au ruhusa. Vilevile mwanamume aliyekuwa akilima ardhi ya ukoo wa mkewe anaweza, mke akifariki, kujikuta mgonjwa na hana pa kulima.

Mjini hali ni nyingine: kodi ya chumba, vibarua vya siku, mama lishe ambaye akilala siku moja biashara imekufa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hupokea wagonjwa kutoka wilaya za mbali kama Ulanga na Malinyi, na mashamba ya miwa ya Mtibwa na Kilombero huleta vibarua waliotoka mikoa mingine, wasio na ndugu karibu. Hapo swali la maana ni hili: ndugu anayekuuguza analala wapi, na anakula nini?

Maswali yenyewe

Karatasi moja inatosha. Maswali haya saba yanaweza kuulizwa kwa dakika chache wakati mgonjwa anapimwa presha au anasubiri vipimo:

1. Umefikaje hapa leo? Tarehe ya kurudi ikifika, una uhakika wa kuja?
2. Katika mwezi uliopita, kuna siku mlilala bila kula nyumbani, au mlipunguza chakula kwa sababu kilikuwa kimekwisha?
3. Umewahi kuandikiwa dawa au kipimo ukashindwa kulipia? Una bima au kadi yoyote ya matibabu?
4. Unapolala pakoje? Maji mnachota wapi? Kuna wasiwasi wowote wa kutolewa hapo?
5. Unaishi na nani? Ukizidiwa usiku, nani atakushika mkono?
6. Nani anakutegemea? Ukilazwa, nani ataangalia watoto, mzee au shamba?
7. Nyumbani kuna mtu anayekutia hofu au kukuumiza? (Hili huulizwa faraghani tu, kwa masharti yaliyoelezwa chini.)

Baada ya hayo, lipo swali la kufungia ambalo wengi hulisahau: "Katika haya, lipi ungependa tukusaidie?" Mtu anaweza kuwa na shida tatu na asitake mkono wa kituo katika hata moja. Mwingine anaona aibu, hataki shida yake ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji. Uamuzi ni wake.

Maswali hayo yabadilishwe kwa kadiri ya ugonjwa. Kwa anayetumia insulini, uliza anaihifadhi wapi. Joto la Morogoro mjini laweza kuiharibu, na nyumba nyingi hazina friji. Mfundishe njia ya chungu ndani ya chungu: kikubwa na kidogo, katikati mchanga uliolowa maji, na vichupa vikae ndani ya kile kidogo vikiwa kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mahali penye kivuli na hewa. Kwa mama wa mtoto mwenye kuhara kila mara, swali la maji litangulie. Kwa mwenye pumu, uliza jiko liko wapi na moshi unatokea wapi.

Namna ya kuuliza

Swali zuri likiulizwa vibaya huharibika. Mbele ya dirisha la mapokezi, huku foleni nzima imetega masikio, hakuna atakayesema kwamba jana watoto walilala na njaa. Vijijini ni zaidi, maana muuguzi ni jirani, na aliyekaa benchini ni shemeji. Tafuta chumba chenye mlango. Kama hakipo, tumia mahali pa kupimia uzito baada ya watu kupungua, au nyuma ya jengo penye kivuli.

Anza na salamu kamili, usiruke. Mazungumzo na mzee wa Kinole aliyekuja kliniki ya presha mjini yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo babu. Pole na safari. Umetoka mbali leo?"

"Kwetu Kinole. Nimeamka alfajiri."

"Umepata usafiri moja kwa moja?"

"Nimetembea mpaka barabarani, ndipo nikapata pikipiki. Kijana wangu kanilipia."

"Na mwezi ujao kijana akiwa hana?"

"Hapo ndipo penyewe."

Muuguzi hajamwuliza babu kama ni maskini, na wala hajamtaka ajieleze. Ameuliza habari ya safari, na safari imesema yote. Sasa anajua la kufanya: kama presha imetulia, babu apewe dawa za miezi zaidi ya mmoja, na aandikiwe barua ili dawa nyingine achukue kwenye kituo kilicho karibu na kwake. Aje mjini pale tu anapohitaji kuonana na daktari.

Tumia lugha anayoisikia vizuri. Wapo wazee wa mlimani wanaojieleza vyema kwa Kiluguru kuliko kwa Kiswahili, na wilayani Mvomero wapo wafugaji wa Kimaasai. Lakini usimtumie mjukuu wa miaka 10 kutafsiri habari za njaa au ugomvi wa nyumbani. Tafuta mhudumu mwenzako, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliye mtu mzima.

Eleza pia kwa nini unauliza. Milima hii ina kumbukumbu ya maofisa wenye madaftari. Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru wa serikali ya kikoloni, ulioanza mwaka 1950, uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi, na uliishia kwenye ghasia za Matombo mwaka 1955. Hata leo, mtu akiulizwa ana shamba kiasi gani na analala na nani, haki yake ni kushtuka. Sema wazi: "Nauliza ili tupange matibabu yako. Haiendi kwa mwenyekiti wala kwa mtendaji mpaka wewe ukubali. Swali usilopenda, liache."

Kila shida na mlango wake

Kanuni ya kwanza kwa kituo ni hii: usiulize shida ambayo hujui utaipeleka wapi. Kabla ya kuanza, kaeni kikao kimoja na muandike milango iliyopo katika kata yenu, jina la ofisi, siku zake na namba ya simu. Ifuatayo ni milango ya kuanzia.

*Nauli na umbali.* Kwa dharura ya mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, piga 115 bila malipo. Huo ni mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Gari la wagonjwa likiwa mbali, mfumo humtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, na dereva hulipwa na mfumo huo. Hakikisha mama ameiandika namba hiyo, na uliza simu ya nani itatumika usiku. Kwa wagonjwa wengine hakuna mfuko wa nauli wa jumla, kwa hiyo punguza safari: unganisha tarehe za kliniki za mama na mtoto, toa dawa za muda mrefu pale mwongozo unaporuhusu, hamishia huduma karibu na nyumbani, na panga tarehe ziendane na siku ambayo magari hushuka kwenda sokoni.

*Gharama za matibabu.* Uchangiaji ulipoanza katika hospitali za umma mwaka 1993, uliambatana na misamaha ya aina mbili. Ya kwanza ni ya makundi: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, na wagonjwa wa magonjwa kama kifua kikuu, ukoma na virusi vya UKIMWI. Ya pili ni ya mtu yeyote asiye na uwezo, na huamuliwa mmoja mmoja. Hii ya pili ndiyo wengi hawaijui. Kwa kawaida mgonjwa huonana na Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali au wa halmashauri, akiwa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa. Akija bila barua akiwa mahututi, atibiwe kwanza, barua ifuate.

Kwa upande wa bima, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulianza mwaka 2018 kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na sheria hiyo inataka wasio na uwezo watambuliwe na kugharamiwa. Mwambie mgonjwa aulize kituoni utaratibu wa sasa kabla hajaugua, maana kukata kadi ukiwa kitandani ni kuchelewa.

*Chakula.* Mtoto mwenye mkono chini ya sentimita 11.5 aingizwe kwenye matibabu ya utapiamlo siku hiyo hiyo. Kwa mtu mzima mwenye njaa mlango wa haraka ni mwembamba, na ni vizuri kusema ukweli. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanza mwaka 2012, huwapata walengwa kupitia mkutano wa kijiji. Muuguzi hawezi kumwingiza mtu leo. Yapo mawili ya kufanya. Kwanza, kama kaya tayari ni mlengwa, huo ni ushahidi mzuri wa kuombea msamaha wa matibabu. Pili, kama si mlengwa na hali yake ni mbaya, Afisa Ustawi au mhudumu wa jamii anaweza kulifikisha jina kijijini ili lisisahaulike uhakiki utakapofika. Msaada wa wiki hii mara nyingi utatoka kwa ukoo, jumuiya ndogondogo za kanisa, zaka na sadaka za msikitini, au kikundi cha kuweka na kukopa. Jua ni nani huratibu misaada hiyo katika kata yako.

*Uangalizi na makazi.* Mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kufikia wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Mahali walipokwishawekwa, hao ndio macho ya kituo nyumbani kwa mgonjwa. Mzee asiye na mtu kabisa, jambo lake lipelekwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Manispaa ya Morogoro ina makazi ya wazee ya Fungafunga, lakini kumhamisha mzee ni hatua ya mwisho baada ya ukoo kushindwa. Mtoto aliyetelekezwa au anayeteswa, piga 116, simu ya bure ya watoto.

*Ardhi, mirathi na matunzo.* Hizi huonekana kama kesi za mahakamani, kumbe ndizo zinazomnyima mjane usingizi na kumpandisha presha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na mjini kuna kituo cha wasaidizi wa kisheria cha Morogoro Paralegal Centre. Mgonjwa apewe anwani, asipewe hukumu.

Swali la ukatili lina masharti yake

WHO haishauri kila mwanamke aulizwe habari za kupigwa kila anapofika kituoni. Inashauri mhudumu aulize pale anapoona dalili: majeraha yasiyolingana na maelezo, maumivu yasiyoisha bila sababu, ujauzito unaochelewa kuletwa kliniki, mume anayejibu kila swali kwa niaba ya mke. Na aulize tu ikiwa amefundishwa, kuna faragha, na kuna mahali pa kumpeleka.

Ukitaka kubaki na mgonjwa peke yake, usiseme sababu. "Mama, nakuomba utusubiri nje kidogo, nampima" inatosha hata kwa mama mkwe mkali. Akikuambia, msikilize, usimwulize amefanya nini hadi akapigwa, na usimshurutishe kuondoka nyumbani. Muulize kama usiku wa leo ni salama kurudi.

Aliyebakwa awahishwe, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Matibabu ya dharura yasingoje fomu ya polisi ya PF3. Fomu itafutwe huku matibabu yanaendelea. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na vituo vya mkono kwa mkono vilivyomo katika baadhi ya hospitali ndiyo milango ya kuelekea.

Andika, lakini linda

Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa vitendo maana yake ni hii: kadi ya kliniki ambayo mama anarudi nayo nyumbani isiandikwe "anapigwa na mume". Mume naye anajua kusoma. Shida za chakula na nauli zinaweza kuandikwa kwenye faili. Habari za ukatili ziandikwe kwenye daftari linalofungiwa kabatini, au kwenye mfumo wa kompyuta ambao si kila mtu anaufungua.

Kwenye rufaa ya ustawi andika mambo manne tu: shida ni ipi, mgonjwa amekubali nini, ameelekezwa kwa nani, na lini mtaulizana matokeo. Hili la mwisho ndilo linalokufa mapema. Mgonjwa aliyeelekezwa ofisi ya ustawi akakuta imefungwa, akirudi kwako na usimwulize, hatasema tena.

Anwani nayo ni tiba. Tangu mwaka 2007, panya wa shirika la APOPO, lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapo Morogoro, wananusa sampuli za makohozi na kugundua wagonjwa wa kifua kikuu ambao hadubini ya kliniki ilikuwa imewapita. Lakini panya akishagundua, lazima mtu aende kumtafuta mwenye makohozi. Kama kwenye fomu pameandikwa "Mafiga" peke yake, bila jina la mwenye nyumba, simu ya jirani wala alama ya karibu, kazi ya panya imepotea bure.

Kwako mgonjwa

Usisubiri kuulizwa. Muuguzi akimaliza kukueleza dawa, mwambie palepale kitakachokukwamisha: "Nesi, tarehe hiyo sitakuwa na nauli", au "dawa hizi ninameza bila chakula". Usikubali tarehe huku moyoni ukijua hutaiweza.

Ukienda hospitali ya mkoa, beba kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, kadi za kliniki za zamani, na, kama huna uwezo, barua ya mtendaji au mwenyekiti uliyoichukua kabla ya safari. Ukifika, uliza ofisi ya Ustawi wa Jamii iko wapi kabla hujaanza kulipa kidogo kidogo mpaka uishiwe. Mzee wa miaka 60 na zaidi, uliza dirisha la wazee. Ukitaka maelezo ya afya au una malalamiko, piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bila malipo.

Kituo kianzie wapi

Msianze na wagonjwa wote. Anzeni na kundi moja ambalo tayari linakuja kwa tarehe, kama kliniki ya kifua kikuu au ya presha na kisukari. Chagueni maswali matatu, nauli, chakula na gharama, mengine yafuate mkishazoea. Mteueni mtu mmoja awe mshika daftari la milango na azipige hizo namba kila baada ya miezi mitatu, maana maafisa huhamishwa na simu hubadilika. Kata nyingi hazina Afisa Ustawi wake, kwa hiyo kubalianeni na wa halmashauri siku moja ya mwezi atakayofika au atakayopokea majina kwa simu.

Mwisho wa mwezi hesabuni mambo mawili: wangapi wamekutwa na shida, na wangapi shida yao imeisha. Namba ya kwanza ikipanda na ya pili ikabaki palepale, msiongeze maswali. Tafuteni mlango mwingine, au lipelekeni jambo kwenye kamati ya afya ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi na ina sauti halmashauri.

Kituo kisicho na gari wala fedha za ziada bado kinaweza kubadilisha tarehe, kutoa dawa za miezi miwili, kuandika barua ya rufaa inayosomeka na kupiga simu moja kwa Afisa Ustawi. Hayo yako ndani ya uwezo wa zahanati yoyote ya Uluguru, na yanaweza kuanza kliniki ijayo. Muuguzi, kabla hujamwandika mtu mtoro, muulize amefikaje.